Nakala Isiyosomwa: Tahakiki ya Taarifa ya GitLab ya Mwaka 2017

Si desturi ya majarida ya lugha kutahakiki taarifa za mafundi wa kompyuta. Taarifa hizo huhesabiwa kuwa maandishi ya kazi tu, ambayo haja yake huisha mara tatizo linapokwisha. Walakini ziko chache zistahilizo kusomwa kwa uangalifu ule ule tuutoao kwa insha au tarikhi, maana ndani yake twaona jinsi watu wenye akili na bidii walivyolitegemea jambo ambalo halikuwako. Moja katika hizo ni taarifa iliyotolewa na kampuni ya GitLab tarehe 10 Februari 2017, juu ya kupotea kwa sehemu ya hifadhidata yake usiku wa tarehe 31 Januari mwaka ule. Nakusudia kuonyesha katika makala haya uzuri wa taarifa hiyo, kasoro ya mpangilio wake, na faida tuwezayo kuipata sisi tunaoshughulika na maneno ya Kiswahili na kutunza maandishi yake.

Kwanza yafaa kueleza kisa chenyewe. GitLab ni kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao, pamoja na maoni na mashauri yaandikwayo juu ya kazi hizo. Mwaka 2017 seva zake zilikuwa mashine pepe zilizokodishwa katika Azure, huduma ya kampuni ya Microsoft. Mashine pepe ni kompyuta isiyokuwa na kiwiliwili chake peke yake: ni mfumo mzima, pamoja na diski zake, uliowekwa kwa njia ya programu ndani ya kompyuta nyingine iliyo kubwa, hata kompyuta moja ya chuma ikaweza kubeba nyingi za namna hiyo. Kwa ile kompyuta iibebayo, diski ya mashine pepe ni kama faili tu. Kwa sababu hiyo huweza kunakiliwa yote kwa mara moja, na kwa sababu hiyo hiyo huweza kupotea yote kwa amri moja.

Hifadhidata ya GitLab ilikuwa katika seva mbili. Ya kwanza, iliyoitwa db1, ndiyo iliyopokea maandishi mapya. Ya pili, iliyoitwa db2, ilifuata nyuma ikinakili kila badiliko. Jioni ile kazi ilizidi, na seva ya pili ikabaki nyuma mno hata ikashindwa kuendelea. Fundi mmoja akajaribu kuianzisha upya, na alipoona haikubali, akadhani kwamba yafaa kufuta kwanza mabaki yaliyokuwamo. Yapata saa 5 na nusu usiku, kwa saa za Greenwich, aliandika amri ya kufuta. Amri ile aliiandika katika db1. Baada ya sekunde moja au mbili alitambua, akaizuia, lakini takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimekwisha kufutika.

Hapo ndipo nakala zilipotafutwa, na hapa ndipo kisa kinapokuwa na maana kwetu. Njia kuu zilizotegemewa zilikuwa nne. Ya kwanza ni programu iliyoamriwa kutoa nakala ya hifadhidata kila baada ya saa 24 na kuipeleka katika ghala ya Amazon. Ghala ilipofunguliwa ilikutwa tupu. Programu iliyokuwa ikiitwa ilikuwa ya toleo la 9.2, na hifadhidata yenyewe ilikuwa ya toleo la 9.6, basi kila ilipoitwa ilikataa kazi na kutoa habari ya kosa. Habari hizo zilitumwa kwa barua pepe, lakini barua hazikuwa na saini ya uthibitisho, nazo zikakataliwa kabla ya kumfikia mtu. Njia ya pili ni picha za diski nzima zichukuliwazo na Azure. Picha hizo ziliwashwa kwa seva za mafaili, hazikuwashwa kwa seva za hifadhidata, kwa kudhani kwamba njia nyingine zilitosha. Ya tatu ilikuwa db2 yenyewe, ambayo ndiyo iliyokuwa mgonjwa wa usiku ule na data yake ilikuwa imekwisha kuondolewa.

Iliyobaki ilikuwa njia ya nne, nayo haikuwekwa kwa ajili ya misiba. Kila baada ya saa 24 ilichukuliwa picha ya diski ya hifadhidata ili ipelekwe katika seva za majaribio, mafundi wapate data halisi ya kujaribia programu mpya. Kwa bahati fundi mmoja alikuwa ameichukua picha ya namna hiyo kwa mkono wake saa 11 na dakika 20 jioni ile, kwa shughuli nyingine kabisa. Picha ile ndiyo iliyoiokoa kampuni. Diski za seva ya majaribio zilikuwa nzito, kwa hivyo kunakili kulichukua saa nyingi, na huduma haikurudi mpaka yapata saa 12 jioni ya siku ya pili. Kazi za programu zenyewe hazikupotea, kwa kuwa zilitunzwa mahali pengine. Yaliyopotea ni yale yaliyoandikwa katika hifadhidata baina ya saa 11:20 jioni na saa 6 usiku: kwa makadirio ya kampuni, kumbukumbu za miradi kama 5,000, maoni kama 5,000, na watumiaji wapya kama 700. Lau fundi yule asingalichukua picha ile, hasara ingaliweza kukaribia ya saa 24.

Sasa tuitazame taarifa. Sifa yake ya kwanza ni kwamba haikumtaja kwa jina mtu aliyeandika amri ya kufuta. Mwandishi asiyekuwa na busara angalilijenga simulizi lote juu ya mkono wa mtu mmoja, na msomaji angaliondoka akidhani kwamba dawa ni kumfukuza mtu huyo. Sifa ya pili ni utaratibu wa wakati: kila tukio lina saa yake, na msomaji aweza kuona fundi alijua nini wakati gani, na alikuwa hajui nini. Sifa ya tatu ni uwazi. Usiku ule ule kampuni iliyaandika matendo yake mbele ya watu wote, hata ikaonyesha kazi ya kurejesha katika YouTube; na taarifa iliyofuata haikurudi nyuma kufunika lililokwisha kuonekana. Kampuni nyingi huandika baada ya ajali sentensi tatu za kuomba radhi. Hii iliandika maelezo ambayo mpinzani wake angaliweza kuyatumia dhidi yake.

Kasoro yake, nionavyo mimi, iko katika mpangilio. Taarifa inazieleza njia za kuhifadhi moja baada ya moja, kila moja na sababu yake ya kushindwa: hii kwa tofauti ya matoleo, hii kwa barua zilizokataliwa, hii kwa kutowashwa. Msomaji hupata picha ya misiba kadhaa iliyokutana kwa bahati mbaya usiku mmoja. Kisha, karibu na mwisho, mwandishi auliza kwa nini, na tena kwa nini, kwa mfululizo, mpaka afikie swali la kwa nini utaratibu wa kurejesha haukujaribiwa mara kwa mara. Jibu lake ni fupi: kazi ile haikuwa na mwenyewe. Jibu hilo ndilo kiini cha kisa chote, nalo limewekwa mwisho wa mnyororo wa maswali, kama kwamba ni sababu moja katika sababu nyingi.

Hebu tulipeleke mwanzoni tuone linavyobadilisha maana. Ikiwa hakuna mtu aliyepewa kazi ya kurejesha, basi hakuna aliyehitaji kuifungua ghala ya Amazon. Na asiyeifungua ghala hawezi kujua kwamba ni tupu. Hakuna aliyezingoja barua za kila siku. Na asiyengoja barua haulizi kwa nini haziji. Kadhalika hakuna aliyeshika orodha ya seva zote akauliza ni zipi ambazo picha zake hazichukuliwi. Kushindwa kwa njia hizi kulikuwa kushindwa kumoja, nako kulianza siku nyingi kabla ya db1 kufutwa. Fundi wa usiku ule alilifunua tu.

Jambo jingine ambalo taarifa imelipitia kwa wepesi ni majina. Seva iliyokuwa asili iliitwa db1, na iliyokuwa mfuasi wake iliitwa db2. Tofauti yote baina ya asili na nakala, yaani baina ya kitu kisichoruhusiwa kufutwa na kitu kilichokusudiwa kufutwa, ilibebwa na tarakimu moja mwishoni mwa jina, katika dirisha la maandishi yanayofanana, usiku, mbele ya mtu aliyechoka. Katika orodha ya mambo ya kurekebisha taarifa yataja kubadilisha maandishi ya mwanzo wa mstari ili mafundi watambue upesi wako katika seva gani. Ni sawa, lakini hilo lashughulikia rangi na sura, wala haligusi jina. Sisi wa lugha twajua kwamba jina ni hukumu ya kwanza juu ya kitu. Seva iitwayo kwa kazi yake humwonya aishikaye; seva iitwayo kwa nambari humwachia kukumbuka.

Neno hili la majina lanifikisha kwenye Kiswahili chetu. Kwa jambo hili la kuhifadhi, watafsiri wa programu na waandishi wa magazeti hutumia maneno mawili kana kwamba ni mamoja: wengine husema nakala rudufu, wengine chelezo. Kisa cha GitLab chaonyesha kwamba tunahitaji kuyatenga. Neno rudufu lina maana ya kufanya jambo kuwa mara mbili. Hiyo ndiyo hasa kazi ya db2: kila liandikwalo katika asili laandikwa na huku, papo kwa papo. Nakala ya namna hiyo ni kinga seva ya kwanza inapozimika, maana ya pili hushika mahali pake. Lakini kosa nalo hurudufiwa. Mtu akifuta maoni ya watu elfu katika asili, nakala rudufu inayofanya kazi vizuri itayafuta pia, kwa uaminifu mkubwa, katika muda wa sekunde chache.

Chelezo ni neno la pwani, maana yake boya au kitu kieleacho. Faida ya kitu kieleacho ni kwamba hakiendi chini pamoja na chombo. Hii ndiyo sifa tuitakayo katika nakala ya kujikinga na msiba: iwe imetengwa na asili kwa wakati na kwa mahali, hata lililoipata asili lisiipate. Kwa hiyo napendekeza kwamba nakala rudufu litumike kwa nakala ifuatayo asili papo kwa papo, na chelezo litumike kwa nakala iliyotengwa. Lau maneno haya yangalikuwa na mipaka hiyo katika akili za watu, isingalikuwa rahisi mtu kuihesabu db2 katika idadi ya machelezo.

Neno mashine pepe nalo lina udhaifu wake. Pepe ni punje isiyokuwa na kiini. Na mtu alisikiapo jina hilo huenda akadhani kwamba kitu chenyewe ni hewa, kisichohitaji kutunzwa. Simpingi aliyelichagua, kwa kuwa limekwisha kuenea, lakini mwalimu alifundishapo neno hilo hana budi kueleza kwamba upepe ni wa mwili, wala si wa yaliyomo.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni jina la kazi yenyewe. Mafundi huziita amri zinazojirudia kwa ratiba kazi za kuhifadhi. Kazi yaweza kutendeka bila mtu kuwapo. Mashine yaifanya usiku, na asubuhi yasemwa kwamba imefanyika. Lakini Kiswahili kina neno zamu, ambalo ndani yake mna wakati, mna mfululizo, na zaidi ya yote mna mtu ashikaye. Hakuna zamu isiyokuwa na mwenyewe. Isipokuwa naye, husemwa kwamba zamu iko wazi, na kila mtu hujua kuna hatari. Tukisema zamu ya chelezo, swali la kwanza litakuwa: ni ya nani? Swali hilo ndilo lililokosekana katika GitLab.

Basi zamu hizi zipangwe namna gani? Desturi ya wengi ni kuziandika kwa kufuata mashine: mashine hii ina zamu yake, na ile ina yake. Upungufu wa mpango huu ni kwamba mashine pepe huzaliwa kwa urahisi. Fundi huunda mpya kwa dakika chache, na orodha iliyoandikwa kwa majina haimjui mgeni huyo. Ni bora zamu zifuate alama zilizobandikwa juu ya mashine kwa mujibu wa yaliyomo: data isiyoweza kupatikana tena, data iwezayo kutengenezwa upya, na mashine za majaribio. Mashine isiyokuwa na alama iingizwe katika zamu ya wote mpaka mtu aseme kwa maandishi kwamba haihitajiki. Kwa mpango huo, kuacha kitu nje huwa uamuzi wa mtu anayejulikana. Kadhalika zamu zisianze zote saa moja, maana diski moja ya chuma huenda yabeba mashine nyingi, na zikinakiliwa pamoja zote huchelewa. Tena hifadhidata isitegemee picha ya diski peke yake, isipokuwa programu yake imepewa nafasi ya kumaliza maandishi yaliyo njiani; ama sivyo picha yaweza kuchukuliwa katikati ya sentensi.

Iko kanuni mashuhuri, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh, isemayo kwamba ziwepo nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 iwe mahali pengine. Ni kanuni njema, na wako walioumia kwa kuiacha. Moto uliozuka tarehe 26 Septemba 2025 katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini, mjini Daejeon, uliteketeza ghala ya mafaili ya watumishi wa serikali yenye terabaiti 858, ambayo haikuwa na nakala ya nje. Sababu iliyotolewa ni kwamba ilikuwa kubwa mno. Lakini kanuni hiyo yahesabu nakala, haihesabu wasomaji. GitLab kwa karatasi ilikuwa imeitimiza: ilikuwa na asili, na mfuasi, na ghala ya Amazon iliyo mbali. Mkaguzi aliyekuja na kanuni mkononi angaliipitisha.

Wahenga walisema akiba haiozi. Methali hiyo yatuhimiza kuweka, nayo ni kweli kwa mtu afunguaye ghala yake mara kwa mara. Waandishi wa nakala wa zamani katika elimu ya Kiislamu walilijua sharti hilo. Nakala ya kitabu haikuhesabiwa kuwa ya kutegemewa mpaka ilinganishwe na asili, na kazi hiyo kwa Kiarabu yaitwa mukabala. Wanakili wa pwani yetu nao walizoea kuandika jina lao mwishoni mwa nakala. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, ametuachia miswada mingi ya namna hiyo. Jina lile mwishoni lina maana ya dhamana: yuko mtu awezaye kuulizwa. Zamu ya chelezo nayo yataka vitu hivyo viwili, jina na mukabala. Kila mwezi, au kila muhula, mtu mwenye zamu achukue nakala moja, airejeshe katika mashine iliyo tupu, aifungue, asome, alinganishe na asili, kisha aandike tarehe, muda uliochukuliwa, na jina lake. Tendo hili naliita kukabilisha nakala, na naomba wanaistilahi walipime neno hilo.

Haya si mambo ya makampuni ya ng'ambo peke yao. Leo orodha za maneno, rekodi za sauti za wazee, na picha za miswada ambayo karatasi yake inamomonyoka, hutunzwa katika seva, na aghalabu seva hizo ni mashine pepe katika chumba asichokiingia mtafiti. Maoni ya waandishi wa programu yaliyopotea baina ya jioni na usiku yaweza kuandikwa tena na wenyewe. Sauti ya mzee aliyekwisha kufariki haiandikwi tena. Kwa hiyo kila taasisi ya lugha yafaa ijiulize maswali mawili kuhusu machelezo yake: nani aliyeyafungua mara ya mwisho, na lini. Ikiwa jibu la yote mawili halipatikani katika daftari, basi taasisi hiyo isizihesabu bado nakala zake. Na msomaji aliye na maneno bora kuliko haya niliyoyapendekeza, ayatoe katika kurasa hizi yapate kupimwa.